Mwavuli Usio na Kitako ni Mali ya Upepo

Yapata saa nane na nusu za mchana, kando ya barabara mojawapo iingiayo mjini Kampala kutoka upande wa ziwa, tulikuwa tumesimama chini ya mwavuli wa mama mmoja akaangaye chapati na mayai, chakula kile ambacho watu wa Uganda hukiita roleksi. Upande wa kusini mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, lakini jua lilikuwa lingali kali, na wateja watano walikuwa wamejibanza kivulini wakingoja zamu zao. Ghafla hewa ikapoa. Vumbi likainuka, karatasi zikaruka, na kabla ya tone moja la mvua kudondoka, mwavuli ule mkubwa uliinama, ukaanguka ubavu, kisha ukabingirika hadi katikati ya barabara. Mwendesha bodaboda aliukwepa kwa nafasi ya shubiri moja. Beseni la unga lilipinduka, trei ya mayai ikaanguka, na mafuta ya moto yakamwagika mahali pale pale alipokuwa amesimama mtoto wa shule dakika moja tu iliyotangulia.

Tulimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Baada ya kusaidia kuurudisha mwavuli, tuliangalia ni kitu gani kilichokuwa kikiushikilia. Palikuwapo jerikani moja la lita 20 lililofungwa kwa kamba kwenye mti wa mwavuli, pamoja na mawe mawili ya ukubwa wa kichwa cha mtu. Jerikani lilikuwa na maji nusu.

"Asubuhi lilikuwa limejaa, wanangu," alituambia mama yule huku akiokota mayai yaliyosalimika. "Lakini sahani nitaziosha kwa nini? Nimetumia maji yangu, na upepo umeniona."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Katika miji yote ya nchi zetu, kuanzia Kampala hadi Bujumbura, na kutoka Goma hadi Mombasa, mwavuli mkubwa wa biashara umekuwa duka la mtu asiyekuwa na duka. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na nchini Uganda mwaka 2009, idadi ya miavuli hiyo kando ya barabara imeongezeka mno. Chini yake hukaa wakala wa fedha, muuza magazeti, fundi saa, mshona viatu, muuza matunda na mkaanga chapati. Kila mmoja hujali rangi ya mwavuli wake, upana wake na bei yake. Ni wachache mno wanaojali kitako chake, ingawa kitako ndicho kinachoamua kama mwavuli ni kivuli au ni hatari.

MIAVULI YA WAFALME

Mwavuli si kitu kigeni katika pande zetu, wala haukuanzia kwa makampuni yanayouchapa majina yao. Msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza jinsi mtawala wa mji ule alivyotembea kwa miguu akiwa amefunikwa na miavuli minne ya hariri ya rangi, na juu ya kila mmoja pakiwa na umbo la ndege wa dhahabu. Wareno waliofuatana na Vasco da Gama walipofika Malindi mwaka 1498, waliandika kwamba mfalme wa mji huo aliwajia baharini akiwa ameketi chini ya mwavuli wa mviringo wa atilasi nyekundu uliofungwa kwenye mti.

Kwa wafalme wale mwavuli ulikuwa alama ya enzi, na hawakuwa na haja ya kufikiria habari za kitako. Mwavuli wa mtembeaji ulishikwa na watumishi wenye mikono ya nguvu, ambao upepo ukivuma kutoka mashariki waliegemea mashariki, na ukigeuka nao waligeuka. Mama wa chapati hana mtumishi. Mikono yake miwili iko kwenye kikaango. Hapana budi basi kazi ile ya mtumishi ifanywe na kitu kisichochoka, kisicholala na kisichodai mshahara, yaani uzito uliowekwa mahali panapofaa.

UPEPO HUFANYA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba upepo huuangusha mwavuli kwa kuusukuma tu, kama mtu anavyousukuma mlango. Ukweli ni kwamba upepo humchezea mwenye mwavuli kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kusukuma kwa ubavu. Kitambaa kiko juu, yapata mita 2 kutoka ardhini, na mti wa mwavuli ni kama mtaimbo mrefu. Kila mtu aliyewahi kung'oa kisiki kwa mtaimbo ajua kwamba nguvu ndogo kwenye ncha ya mbali hufanya kazi kubwa kwenye ncha ya karibu. Upepo unaoshika kitambaa kwa juu umeupata mtaimbo huo.

Njia ya pili ni kuinua. Upepo unaopita juu ya kitambaa kilichobinuka hupunguza mkandamizo wa hewa kwa upande wa juu, na ule unaoingia kwa chini husukuma kwenda juu. Ndiyo sababu mara nyingine mwavuli hauanguki bali huchomoka kwenye bomba lake na kuruka, huku kitako kikibaki pale pale kama shahidi asiyesema.

Njia ya tatu ndiyo iwadanganyayo wengi, nayo ni ongezeko la ghafla. Nguvu ya upepo haiendi sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Kwa hiyo mtu asemaye, "Mwavuli wangu umesimama tangu asubuhi, nao utasimama jioni," anahesabu kwa kipimo ambacho upepo haukitambui.

Na kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, jambo hili si la kinadharia. Ziwa hilo lina eneo la kilometa za mraba zaidi ya 68,000, na bonde lake ni miongoni mwa sehemu za dunia zipatazo radi nyingi. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Usiku hugeuka ukarudi ziwani. Wingu la mvua ya radi linapokomaa, hewa baridi huporomoka kutoka ndani yake, na ikifika ardhini hutawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Hewa hiyo hutangulia mvua kwa dakika chache. Baridi ile ya ghafla tuliyoisikia pale kwenye mwavuli wa roleksi ilikuwa barua ya kwanza ya dhoruba, na sisi hatukuisoma.

HESABU YA MWENYE MWAVULI

Tuchukue mwavuli wa kawaida wa biashara, wenye upana wa mita 2, uliosimama wima. Upepo uendao mita 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa, hutikisa miti midogo yenye majani. Kwa makadirio, upepo huo hukisukuma kitambaa cha mwavuli wa namna hiyo kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 3 na nusu. Msomaji atasema hiyo ni nguvu ndogo. Lakini inavuta kutoka kimo cha mita 2. Tukizidisha, twapata 7. Hiyo 7 ndiyo deni ambalo kitako hakina budi kulilipa.

Kitako hulipa kwa namna gani? Hulipa kwa uzito wake uliozidishwa kwa umbali kati ya mti na ukingo wake, yaani nusu ya upana wake. Hapa ndipo penye siri ambayo mafundi wazuri waijua na wanunuzi wengi hawaijui: uzito peke yake hautoshi, upana nao ni nusu ya kazi.

Lile jerikani la mama yetu, hata lingalijaa pomoni, lina kilo 20 za maji, na upana wake hauzidi robo ya mita. Nusu ya upana huo ni sentimeta 12 hivi. Kilo 20 mara 0.12 ni 2.4 tu, wakati deni ni 7. Kwa hiyo mama yule alijilaumu bure kwa sababu ya sahani. Maji yake hata yangalikuwapo yote, mwavuli ungalianguka. Pengine ungalichelewa kidogo tu.

Sasa tutazame debe. Debe la mraba la lita 20 likijazwa zege huwa na kilo zipatazo 48, na mtu akilitazama atadhani hakuna upepo wa kuliangusha. Lakini debe ni refu na jembamba. Nusu ya upana wake ni sentimeta 12 zile zile. Kilo 48 mara 0.12 ni kasoro kidogo ya 6. Nalo halikulipa deni. Ndugu msomaji, zege hilo hilo, bila kuongezwa hata kijiko kimoja, likimwagwa ndani ya beseni pana la nusu mita, litakuwa na kimo cha sentimeta 10 hivi, na hesabu yake itakuwa kilo 48 mara 0.25, yaani 12. Deni limelipwa na akiba imebaki. Kilichobadilika ni umbo tu.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma tuliyezungumza naye alituonyesha njia nyingine. Yeye huchukua vipande viwili vya chuma vyenye urefu wa mita 1 kila kimoja, akavikatisha katikati kama alama ya kujumlisha, akachomelea bomba pale vinapokutana. Kila mkono wa chuma huwekewa tofali la zege la kilo 10. Jumla ni kilo 40 tu, lakini kwa kuwa zimesambazwa mbali, hata kwa upande ulio dhaifu kuliko pande zote hesabu yake hufika 14. "Mzigo nimeugawa," alisema fundi, "ili mtoto wa kike aweze kubeba tofali moja moja jioni bila kuumia mgongo." Tuliona hekima katika maneno hayo, kwa maana kitako kisichobebeka huachwa nyumbani, na kitako kilichoachwa nyumbani ni sawa na kisichokuwapo.

HATARI YA KUINAMISHA

Kuna desturi moja tuliyoiona karibu kila mahali tulipopita. Asubuhi, jua likiwa chini upande wa mashariki, wenye miavuli huiinamisha ili kufuata kivuli. Jioni huiinamisha tena kuelekea magharibi. Tabia hiyo yaeleweka, kwa kuwa jua la saa kumi jioni huingia chini ya mwavuli uliosimama wima na kumchoma mtu usoni.

Hata hivyo, mwavuli ulioinamishwa huugeuzia upepo uso wake wote. Ule mwavuli wetu wa mita 2, ambao ukiwa wima husukumwa kwa kilo 3 na nusu, ukiinamishwa kwa nyuzi 30 huku upepo ukiupiga usoni, husukumwa kwa kilo zipatazo 11. Deni lililokuwa 7 limekuwa 22, na upepo wenyewe haujaongezeka hata kidogo. Kitako cha beseni kilichokuwa na akiba asubuhi sasa ni mfilisika. Mwenye kuinamisha mwavuli na afanye hivyo wakati hewa imetulia tu, na awe tayari kuusimamisha mara majani ya miti yanapoanza kusema. Iliyo salama zaidi ni kuuacha mwavuli wima na kutundika kanga au gunia kuukuu upande wa jua, kitambaa chepesi ambacho upepo ukija hukikunja au kukivua bila kuangusha chochote.

MAJI, MCHANGA AU ZEGE?

Kila kitu cha kujazia kitako kina sifa yake. Maji yana faida ya kupatikana na kumwagwa; mtu huenda na chombo kitupu na kurudi na chombo kitupu. Lakini lita 1 ya maji ni kilo 1 tu, plastiki ikipasuka juani maji huvuja polepole bila mtu kujua, na kama tulivyoona, penye maji patakuwa na sahani za kuoshwa.

Mchanga mkavu ni mzito zaidi: lita 20 huwa na kilo 32 hivi, nao ukilowa huongezeka uzito. Wauza samaki wa gati la Ggaba, walio karibu na mchanga, waweza kuujaza katika magunia manne madogo na kuyazungushia mguu wa mwavuli, yakilala chini kwenye msalaba wa chuma. Jua huozesha magunia ya plastiki yaliyofumwa. Yafaa yatazamwe kila mwezi na kubadilishwa kabla hayajapasuka.

Wakazi wa Goma wana mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Mawe hayo wanayo kwa wingi, nao huyatumia kwa nyumba, nyua na barabara. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mengi yake yana vitundu vingi kama sifongo, na uzito wake ni mdogo kuliko macho yanavyodhani. Mtu akitumia mawe ya namna hiyo na achague yaliyo mazito mkononi, tena ayafunge pamoja kwa zege. Mawe yaliyorundikwa tu huacha nafasi za hewa katikati, na hewa haina uzito wa kumshinda ndugu yake upepo.

Zege ndilo linalopita yote kwa mtu wa kipato cha kawaida. Halivuji, halinyweki, haliozi, wala mwizi halitamani. Na gharama yake si kubwa kama wengi wanavyofikiri. Kitako cha lita 20 kwa mchanganyiko wa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto huhitaji kilo zisizozidi 7 za saruji. Maana yake ni kwamba mfuko mmoja wa kilo 50 watosha vitako saba. Akina mama saba wa baraza moja wakichanga, kila mmoja atapata kitako kwa sehemu ndogo ya bei ya mfuko. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza litafutwe bomba la chuma ambalo mti wa mwavuli huingia ndani yake kwa kukaza kidogo. Urefu wake juu ya zege uwe yapata sentimeta 40. Bomba pana mno huuacha mwavuli ukicheza, na kuchezacheza huko huugeuza mti kuwa nyundo inayogonga kitako siku nzima hadi kipasuke. Pakiwa na nafasi, izibwe kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli.

Pili, chini ya bomba vichomelewe vipande viwili vya nondo vinavyokatana, ili zege likishika bomba lisiweze kung'oka wala kuzunguka. Ubavuni itobolewe tundu na kuwekwa bolti ya kukaza kwa mkono. Bolti hii ndiyo inayozuia mwavuli usichomoke upepo unapouinua, na bila hiyo hata kitako cha kilo 100 hakina faida.

Tatu, achaguliwe mama wa zege, yaani kalibu. Beseni kuukuu la upana wa nusu mita hufaa. Tairi kuukuu la gari dogo hufaa zaidi: upana wake hufika sentimeta 60, likijazwa zege hadi juu uzito wake huweza kuzidi kilo 80, na jioni huinuliwa kwa ubavu likabingirishwa na watu wawili kama gurudumu. Kwa hesabu yetu, kilo 80 mara 0.3 ni 24, uzito unaoweza kustahimili hata mwavuli ulioinamishwa katika upepo ule wa kwanza. Tairi lilazwe juu ya karatasi ya nailoni mahali palipo sawa, bomba lisimamishwe katikati na kupimwa kwa timazi pande zote mbili, ndipo zege limwagwe na kushindiliwa.

Nne, ni subira. Zege halikauki kama nguo; hushika kwa kunywa maji. Lifunikwe kwa gunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa muda wa siku saba. Nguvu zake kamili hufika baada ya siku 28. Mwenye haraka atakayeweka mwavuli siku ya pili atakuwa amejinunulia ufa.

Mwisho, pasisahauliwe tundu dogo chini ya bomba la kutolea maji ya mvua. Maji yakituama ndani, kutu hula chuma kimya kimya, na siku bomba likikatika huwa ni siku ya upepo.

PALE KITAKO KISIPOTOSHA

Tungekuwa tunamdanganya msomaji kama tungemwambia kwamba kitako kizuri humaliza mambo yote. Turudi kwenye ile kanuni ya mara nne. Upepo wa dhoruba ukifika mita 20 kwa sekunde, deni la mwavuli ulio wima huwa 28. Hata lile tairi la kilo 80 lenye akiba ya 24 litashindwa. Katika hali hiyo dawa ni moja tu: kuukunja.

Afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alipanga mwaka 1805 ngazi za nguvu za upepo ambazo mabaharia na watabiri wa hali ya hewa bado wanazitumia. Katika ngazi ya 4 upepo huinua vumbi na karatasi na kutikisa matawi madogo. Katika ngazi ya 6, upepo wa kilometa 39 hadi 49 kwa saa, matawi makubwa hutikisika, na maelezo ya ngazi hiyo yataja kwamba mwavuli hutumika kwa shida. Ni vyema kila mwenye mwavuli azitafsiri ngazi hizo kwa lugha ya baraza lake: vumbi na karatasi zikiinuka, simama, ondoa mafuta motoni na ushike kamba, tawi kubwa la mwembe likianza kuyumba, mwavuli uwe umekwisha kukunjwa.

Tumeona watu wakiushikilia mwavuli kwa mikono miwili wakati wa dhoruba, wakijaribu kuwa kitako wao wenyewe. Hilo ni kosa kubwa. Mwavuli mkubwa waweza kumburuta mtu mzima hadi barabarani, na mti wa chuma si rafiki wa kusimama naye wakati wa radi. Tumewaona wengine wakifunga kamba kwenye nguzo ya umeme, tunawasihi waache. Kamba ifungwe kwenye meza nzito au kigingi kilicho upande wa ndani, mbali na njia ya wapita njia, kwani kamba isiyoonekana humwangusha mzee kabla upepo haujauangusha mwavuli.

Wengine huona ni nafuu kuchimba shimo. Katika uwanja wa mtu mwenyewe, shimo la kina cha sentimeta 50 au 60 lililoshindiliwa vizuri ni jambo jema. Lakini kando ya barabara za mji, chini ya ardhi hupita mabomba ya maji na nyaya, na vitofali vya njia za miguu ni mali ya umma. Afadhali kitako kinachoondoka na mwenyewe jioni, kuliko shimo linalobaki kumvunja mguu mpita njia usiku.

WAJIBU WA ANAYETOA MWAVULI

Miavuli mingi iliyoko mitaani hutolewa na makampuni ili majina yao yaonekane. Si vibaya. Lakini mara nyingi mfanyabiashara hupewa kitambaa na mti bila kitako, au hupewa chombo chembamba cha plastiki cha kutia maji. Twaona kwamba atoaye mwavuli wenye upana wa mita 2 bila kitako ametoa tanga bila nahodha. Jina lililochapwa kwenye kitambaa hicho ndilo litakalosomwa mwavuli ukilala juu ya kioo cha gari la mtu. Haingekuwa gharama kubwa kutoa pamoja nao msalaba wa chuma wenye bomba na bolti, na kuacha uzito utafutwe na mwenye mwavuli. Vivyo hivyo, miavuli yenye tundu la kupumulia kileleni, iliyofunikwa kwa kofia ndogo, ichaguliwe kuliko isiyokuwa nalo, kwa maana sehemu ya upepo hupitia hapo badala ya kukiinua kitambaa.

Na shule zetu za ufundi, ambazo kila mwaka hufundisha vijana kuchomelea milango na madirisha, zingeweza kuwapa wanafunzi kazi hii kuwa zoezi. Kitako cha mwavuli kina kila kitu cha kumfunza kijana: kupima, kukata, kuchomelea, kuchanganya zege na kutumia hesabu ya mtaimbo aliyoisoma darasani. Tena mnunuzi wake yuko nje ya lango la shule.

Wiki tano baadaye tulipita tena kwenye ile barabara itokayo ziwani. Mama wa roleksi alikuwa pale pale, na mwavuli wake ulikuwa umesimama wima ndani ya tairi kuukuu lililojaa zege, na bomba limepakwa rangi nyekundu. Alitueleza kwamba yeye na jirani zake sita walinunua mfuko mmoja wa saruji. Wengine walitumia mabeseni, na yeye, kwa kuwa alichelewa kupata beseni, akapewa tairi na kijana wa gereji aliyemwongezea saruji iliyobaki kazini. Jerikani lilikuwa chini ya meza, limejaa maji ya sahani.

Upepo wa mchana ulianza kuvuma kutoka ziwani. Kitambaa kikatetemeka, mti ukalia kidogo ndani ya bomba, lakini tairi halikusogea. Mama aliinua macho kuelekea kusini, akatazama rangi ya mawingu, kisha akalegeza bolti na kuanza kuukunja mwavuli kabla ya wakati. Mteja mmoja alinung'unika kwamba jua bado lipo.

"Mwanangu," alimjibu bila kugeuka, "kitako ninacho, lakini sitaki kukijaribu."